Hodi ya Vijana Wawili

Mjukuu wangu wa darasa la tatu ndiye aliyewaona kwanza. Alikuja mbio barazani nilikokuwa nimeketi na gazeti, akasema, "Babu, kuna wazee wawili wanapiga hodi." Niliinuka haraka nikavaa shati, maana wazee hawapokelewi na mtu mwenye fulana. Nilipofika mlangoni nikawakuta vijana wawili, hata ndevu hazijaota vizuri, wamevaa mashati meupe na tai katika jua la saa nane la Dar es Salaam. Mmoja alikuwa Mmarekani, mwenzake Mganda. Kila mmoja alikuwa na kibao cheusi kifuani chenye jina lake la ukoo. "Shikamoo, babu," wakasema kwa pamoja, kisha wakajitambulisha: huyu Mzee fulani, na huyu Mzee fulani. Kumbe mtoto hakukosea. Alinieleza kama alivyoelezwa.

Nilicheka, nao wakacheka. Bila shaka walikwisha kuzoea kuchekwa kwa jambo hilo. Nikawakaribisha. Ndivyo yalivyoanza mazoea ya miezi mitatu hivi ambayo yamenifanya, katika umri wa miaka sabini na mitano, nijiulize swali nililodhani nilikwisha kulijibu tangu ujana. Mtu akikuletea mlangoni kitu ambacho anaamini kwa moyo wake wote kwamba ni chema, nawe hukitaki, je, kuna deni gani baina yenu, wewe kwake na yeye kwako?

Nianze kwa kueleza ni vijana gani hawa, maana wengi wetu huwaona barabarani tusijue habari zao. Ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani, na ambalo makao yake makuu sasa yako Salt Lake City katika jimbo la Utah. Watu wamezoea kuwaita Wamormoni, kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni wanachokiamini pamoja na Biblia, ingawa mwaka 2018 kiongozi wao mkuu aliomba watu watumie jina kamili la kanisa. Hilo neno "Mzee" kwao ni daraja la ukuhani, si umri. Kila kijana wa kiume anayetumwa huitwa hivyo muda wote wa utumishi wake, na wasichana huitwa "Dada". Wavulana hutumika miaka miwili, wasichana miezi kumi na minane. Zamani mvulana alipaswa kufikisha miaka 19. Tangu mwaka 2012 anaweza kwenda akiwa na miaka 18. Vijana wa namna hii duniani kote wanazidi 70,000.

Siku ile ya kwanza mke wangu alileta chai. Yule Mmarekani akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiswahili chake kichanga, "Asante sana, bibi. Sisi hatunywi chai wala kahawa. Lakini maji tutafurahi." Mke wangu akanitazama. Kwetu mgeni akikataa chai, watu huanza kujiuliza kuna neno gani. Lakini kijana alilisema jambo lile kwa upole na bila kujificha, kisha akala maandazi manne, hata hakuna aliyeona vibaya. Mke wangu akawauliza kama mchaichai nao umekatazwa. Wakasema la, huo hauna neno. Tangu siku hiyo kukawa na sufuria ya mchaichai kila Alhamisi. Nakuomba msomaji uikumbuke chai hiyo, maana nitairudia.

Kidogo kidogo walinisimulia maisha yao. Huamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakafanya mazoezi ya viungo, wakapata kifungua kinywa, kisha kila mmoja akasoma maandiko peke yake, halafu wakasoma pamoja. Baada ya hapo ni kutoka: kwa miguu, kwa daladala, nyumba hadi nyumba, miadi hadi miadi. Usiku hurudi, na saa nne na nusu taa huzimwa. Hawaachani. Mwenzako unapangiwa, humchagui, na baada ya majuma kadhaa aweza kuhamishwa ukapewa mwingine. Kituo nacho hukichagui. Barua ndiyo inayokuambia kama ni Brazili, Ufilipino au Tanzania. Hakuna mchumba kwa kipindi chote hicho, wala pombe, wala tumbaku. Siku moja katika juma ni ya kufua, kununua chakula na kuandikia nyumbani. Zamani waliruhusiwa kupiga simu kwa wazazi mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama. Tangu Februari 2019 wanaweza kuzungumza nao kila juma. Mshahara hakuna. Wao na jamaa zao huchangia gharama, na yule Mmarekani aliniambia kwamba alianza kuweka akiba kwa ajili ya safari hii tangu akiwa mtoto, kwa kukata majani ya majirani.

Kazi ya mikono hawakuiogopa. Waliniuliza kama nina shughuli ya kusaidiwa, nikawapa majembe wapalilie mihogo yangu nyuma ya nyumba. Mmarekani akang'oa mashina mawili ya mihogo akidhani ni magugu, Mganda akamcheka hadi akakaa chini.

Hata hivyo jicho la mwalimu halistaafu. Niliona kwamba kila walipomaliza kuongea nami walitazama simu zao na kuandika. Nikawauliza wanaandika nini. Wakanieleza bila kuficha kwamba wanaweka kumbukumbu: nani wamemtembelea, somo gani amefundishwa, ameahidi nini, na kama Jumapili alifika kanisani. Niliposikia hivyo moyo wangu ulishtuka kidogo, nikakumbuka daftari moja la zamani. Nikalifukuza wazo hilo kwa muda.

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa wazee wenzangu waliwajadili sana vijana wale. Mmoja alisema kwamba mtoto wa miaka 18 hana la kumfundisha mtu aliyezika wazazi na watoto. Mwingine akasema dini tumeletewa za kutosha. Hoja zote mbili zina uzito, nami sikuzibeza. Lakini nilijikuta siwezi kuzikubali moja kwa moja. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa Bonde, karibu na Muheza, naye alibatizwa na wamisionari Waanglikana wa Magila. Kabla ya hapo lazima kuna kijana fulani aliyetoka Magila kwa miguu akaja kupiga hodi nyumbani kwake, na bila shaka wazee wa kijijini walisema maneno haya haya. Mimi niliyerithi matunda ya hodi ile siwezi kusimama leo na kusema kwamba kupiga hodi ni kosa. Na ualimu nao ni nini kama si kupiga hodi kwenye akili ya mtu ambaye hakukuita?

Basi swali si kama wana haki ya kubisha. Swali ni namna wanavyobisha, na namna tunavyofungua.

Juu ya namna wanavyobisha nina ushahidi mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba hadi Juni 1978 kanisa lao lilikuwa likiwanyima ukuhani wanaume wenye asili ya Afrika. Siku moja niliwauliza habari hiyo, na nisijisifu bure: nilikusudia kuwabana. Mmarekani akawa mwekundu. Angeweza kunizungusha; vijana waliokariri masomo huwa na majibu tayari. Badala yake akasema, "Ni kweli, babu. Sijui kwa nini ilikuwa hivyo. Inanisikitisha." Mganda akanyamaza kwanza, kisha akasema, "Mimi nilipoijua nilikaa majuma mawili sikwenda kanisani. Halafu nikarudi." Hakuongeza neno. Baadaye niligundua kwamba mwaka 2013 kanisa lenyewe lilichapisha maelezo ya kuzikana sababu za kibaguzi zilizokuwa zikitolewa zamani. Lakini vijana wale hawakujikinga nyuma ya maelezo hayo. Waliniachia ukweli kama ulivyo, ingawa ulikuwa hauwasaidii kunipata.

Sasa nije kwenye namna nilivyofungua mimi, na hapo ndipo aibu yangu ilipo.

Sikuwa na nia ya kujiunga nao. Nilijua hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini kila waliponipa sura za kusoma nilisema nitasoma, na waliporudi nilisema nimesoma. Waliponialika Jumapili nilisema, "Tutaonana, Mungu akipenda," nikimsingizia Mungu jambo ambalo mimi ndiye nisiyelipenda. Niliita hiyo adabu. Sisi watu wa huku tumelelewa hivyo: mgeni hakatazwi mbele ya uso wake, huambiwa "kesho" mpaka aelewe mwenyewe. Nilijiona muungwana. Majuma tisa nilikuwa muungwana wa namna hiyo.

Kisha ikaja Alhamisi moja ya Aprili, masika yamepamba moto. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na mtaa wetu ukawa mto. Nilikuwa chumbani nimejilaza, nimechoka, na sikutaka mazungumzo. Niliposikia hodi nikamwita mjukuu wangu kwa sauti ya chini, nikamwambia aseme babu hayupo.

Nilidhani atababaika. Hakubabaika. Nilimsikia akiwaambia kwa sauti tamu kabisa, "Karibuni. Babu hayupo, amekwenda hospitali kumwona mgonjwa. Amesema poleni na mvua." Hospitali na mgonjwa aliongeza mwenyewe. Wakamshukuru. Kupitia dirishani niliwaona wakirudi, suruali zimekunjwa, viatu mkononi, begi limefunikwa kwa mfuko wa plastiki, wakitafuta pa kukanyaga. Walikuwa wamekuja kwa sababu mimi niliwaambia waje.

Miaka thelathini na minane nilisimama mbele ya watoto nikiwafundisha, kati ya mambo mengine, kusema kweli. Mtoto wa nyumbani kwangu nilimfundisha uongo katika dakika moja, naye akafaulu vizuri kuliko nilivyotaka.

Usiku ule daftari nililokuwa nimelifukuza lilirudi.

Mwaka 1972, nikiwa na miaka 22 na cheti kipya cha chuo cha ualimu, nilipangiwa shule ya kijiji kimoja huko Usukuma. Kituo sikukichagua. Lugha sikuijua, nilianza na "mwangaluka" ya asubuhi kama yule Mmarekani alivyoanza na "shikamoo". Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri nilifundisha watu wazima. Wenye umri wangu wanakumbuka: sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika, na Taifa likaazimia kuufuta ujinga huo ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Niliamini kazi ile kwa moyo wangu wote. Bado naiamini. Jioni nilipanda baiskeli nikaenda nyumba hadi nyumba kuwashawishi watu waje darasani, nikiwa na vitabu vya kisomo vilivyoeleza kilimo bora cha pamba. Nami nilikuwa na daftari, na idadi ilitakiwa.

Katika nyumba nyingi niliambiwa, "Ndiyo, mwalimu, tutakuja." Hawakuja. Nikaandika majina yao hata hivyo, nikatia alama za mahudhurio, na takwimu za darasa langu zikapendeza. Ila mzee mmoja alinipa kigoda nikae, akanipa maziwa, kisha akaniambia, "Mwalimu, mimi sitakuja. Macho yangu yamechoka, na ng'ombe wangu hawasomewi. Sitaki kukudanganya." Nilirudi mara tatu, jibu likawa lile lile. Mara ya nne nilikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi. Mzee akatozwa faini. Alilipa kuku wawili. Nilipita njiani siku hiyo nikawaona kuku wale wamefungwa miguu nje ya nyumba ya mjumbe, nikajiambia kwamba maendeleo yana gharama yake.

Ilinichukua zaidi ya miaka hamsini kuliona jambo lililo wazi. Katika kijiji kizima yule mzee alikuwa mtu pekee aliyeniheshimu kiasi cha kuniambia kweli, na ndiye pekee niliyemwadhibu. Walionidanganya niliwatia alama.

Nasema haya si kwa kuishushia hadhi kampeni ile. Nimewaona akina mama waliolia siku walipoandika majina yao mara ya kwanza, na sitaki mtu aniambie kwamba furaha ile ilikuwa bure. Kosa halikuwa kupiga hodi. Kosa lilianza pale nilipoacha kumwona mzee nikaanza kuona nafasi tupu kwenye daftari. Anayekwenda kwenye mlango wa mtu na jambo jema ana deni hili kwa mwenye nyumba: kumwachia uwezo wa kulikataa, na kuondoka akiwa bado anamheshimu. Akimnyang'anya uwezo huo, hata jema lake huharibika mikononi mwake.

Lakini mwenye nyumba naye ana deni. Anayepiga hodi ameacha kitu nyuma ili afike. Kijana yule aliacha mama yake, masomo yake, na miaka miwili ambayo haitarudi. Huwezi kulipa hayo kwa kukubali usichokiamini. Huo ungekuwa uongo mkubwa zaidi. Unaweza kulipa kwa kumsikiliza na kumwambia kweli mapema, ili muda wake aupeleke panapohitajika. "Ndiyo" ya uongo huonekana kama zawadi, kumbe ni wizi. Tena ina dharau ndani yake, kwa maana tunamhesabu mwenzetu kuwa mtu asiyeweza kustahimili kweli. Vijana wale walinikatalia chai yangu ndani ya nyumba yangu siku ya kwanza, nami sikuvunjika. Kwa nini niliamini kwamba wao watavunjika?

Najua msomaji aweza kusema kwamba "njoo kesho" ya Waswahili inaeleweka, na aliyelelewa hapa hahitaji kuambiwa waziwazi. Kwa jirani ni kweli. Sisi kwa sisi tunasoma uso na sauti. Lakini adabu ni lugha, na lugha unaizungumza na mtu anayeielewa. Kumwambia mgeni neno ambalo unajua atalichukua kwa maana nyingine, kisha kumcheka moyoni kwa kulichukua hivyo, si adabu tena.

Alhamisi iliyofuata nilivaa shati mapema nikawangoja barazani. Walipokwisha kukaa nikamwita na mjukuu wangu. Nikasema, "Vijana wangu, mimi nilizaliwa Mwanglikana na nitazikwa Mwanglikana. Sitajiunga nanyi. Zile sura sikuzisoma. Na wiki iliyopita sikuwa hospitali. Nilikuwa chumbani, na huyu mtoto nilimtuma aseme uongo. Naomba mnisamehe, na yeye anisamehe."

Kulikuwa na kimya. Kisha Mganda akatabasamu. "Tulijua, babu," akasema. "Viatu vyako vilikuwa mlangoni."

Mmarekani hakutabasamu upesi. Niliona usoni pake kwamba alikuwa ametumaini, na tumaini lake nililikuza mimi. Alikaa akitazama kikombe chake cha mchaichai, halafu akasema, "Asante kwa kutuambia." Akauliza kama wanaweza kuendelea kupalilia mihogo. Nikasema waweza, ila asiguse mashina ya upande wa kushoto. Walikuja mara mbili zaidi, wakafanya kazi, wakaondoka. Hawakufundisha somo, wala sikuwaona wakiandika. Halafu Mmarekani akahamishiwa mji mwingine. Alikuja kuniaga, akaniamkia vizuri kuliko wajukuu zangu wengine.

Yule mzee wa kuku wawili sikumwomba radhi. Nilihamishwa Usukuma mwaka 1978 bila kumuaga, na kwa umri aliokuwa nao wakati ule, ameshatangulia siku nyingi. Deni hilo halina wa kulipokea. Nimeliandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuliweka.

Juzi wamekuja wengine wawili, wapya kabisa, tai zimenyooka. Nilikuwa barazani nikainuka kutafuta shati, lakini mjukuu wangu alinitangulia mlangoni. Nikamsikia akiwaambia, "Karibuni. Babu yupo. Ila hajiungi. Mnakunywa mchaichai?"